Jibu la wakili: Mdogo wangu amefutiwa kifungo cha nje katika kesi ya bangi. Je, amri hiyo inakatiwa rufaa?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Igombe, wilayani Ilemela, Mwanza, na kwa ufupi ni hili. Mdogo wake wa kiume, mvuvi wa dagaa, alikiri mbele ya Mahakama ya Wilaya kosa la kutumia bangi, akapewa kifungo cha nje cha mwaka mmoja chini ya afisa probesheni (anayewasimamia watu wa namna hiyo), kwa masharti ya kuripoti kila mwezi, kutotumia dawa za kulevya na kutotoka nje ya mkoa bila ruhusa. Miezi miwili hakuripoti kwa kuwa alikuwa kisiwani Goziba, upande wa Muleba, mkoani Kagera, na aliporudi alikamatwa mwaloni (mahali mitumbwi inapotia nanga na kushusha samaki) akiwa, kwa maelezo ya polisi, na kete mbili za bangi. Mahakamani aliulizwa kama ni kweli amevunja masharti, akajibu: "Ni kweli sikuripoti, lakini nilikuwa Goziba na afisa nilimpigia simu." Asubuhi hiyo hiyo kifungo cha nje kikafutwa, akapelekwa Gereza Kuu Butimba kutumikia miezi 18. Dada anauliza kama rufaa inawezekana ilhali ndugu yake alikiri, muda uliopo ni kiasi gani, kama dhamana inapatikana, na kama akirudishiwa kifungo cha nje ataendeleaje na uvuvi.

Dada yangu, rufaa inawezekana, na kwa maelezo yako ina uzito. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inampa mtu yeyote asiyeridhika na uamuzi, adhabu au amri ya mahakama ya wilaya haki ya kukata rufaa Mahakama Kuu, na Katiba yenyewe, katika ibara ya 13(6)(a), inataja haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa. Kufutwa kwa kifungo cha nje ni amri, na miezi 18 ni adhabu. Vyote viwili vinaingia humo. Ila tangu mwanzo ni lazima mtenganishe maamuzi mawili ambayo familia nyingi huyachanganya. Uamuzi wa kwanza ni wa kumtia hatiani kwa kutumia bangi, na huo alikiri. Kwa aliyekiri kosa, sheria huruhusu rufaa juu ya uhalali au ukubwa wa adhabu tu, isipokuwa pale ambapo kukiri kwenyewe kuna dosari. Uamuzi wa pili ni ule wa asubuhi aliyopelekwa Butimba, na ndio mnaotakiwa kuushambulia. Nimewahi kusoma hati nyingi za rufaa za namna hii ambazo kurasa zake zote zinabishana kwamba mrufani havuti bangi. Jaji akisoma hivyo hukuta hakuna hoja ya kuamua, kwa sababu jambo hilo lilikwisha siku ya kwanza.

Muda ndio unaonitia wasiwasi kuliko sheria. Umeandika kwamba amri ilitolewa siku saba zilizopita. Notisi ya kusudio la kukata rufaa hutakiwa kutolewa ndani ya siku 10 tangu tarehe ya amri, na hati ya rufaa yenyewe ndani ya siku 45, ila siku zinazotumika kusubiri nakala ya mwenendo wa shauri (maandishi ya hakimu ya yale yaliyosemwa na kufanyika mahakamani) na ya uamuzi haziingizwi katika hesabu ya hizo 45. Kwa hiyo notisi itoke wiki hii, kabla hata hamjapata wakili wala kukubaliana nani atachangia nini. Notisi ni karatasi moja: juu iandikwe kuwa ni ya Mahakama Kuu, Kanda ya Mwanza, kisha namba ya shauri la chini, majina ya pande mbili, tarehe ya amri, na sentensi ya kusema kwamba mrufani hakuridhika na amri ya kufuta kifungo cha nje pamoja na adhabu ya kifungo cha miezi 18, na anakusudia kukata rufaa. Kwa kuwa yuko gerezani, anaikabidhi kwa mkuu wa gereza, ambaye huipeleka mahakamani. Maafisa magereza wa Butimba wamezoea kazi hiyo na humsaidia mfungwa asiyejua kuandika. Muda ukiwa umekwisha bila notisi, Mahakama Kuu inaweza kuongeza muda kwa sababu za msingi, lakini hapo mtatakiwa kueleza kila siku iliyopita, na mfungwa anayesema "nilimpa afisa notisi yangu" huulizwa kiapo cha afisa huyo kiko wapi. Ni heri kutoifikia hatua hiyo.

Siku hiyo hiyo wewe uende masijala ya Mahakama ya Wilaya na barua ya kuomba nakala zilizothibitishwa za mwenendo na uamuzi, ugongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, na uihifadhi. Muhuri huo ndio utakaothibitisha baadaye kwamba siku za kusubiri si za uzembe wenu. Omba mwenendo wa siku zote mbili, yaani siku alipokiri kosa na siku kifungo cha nje kilipofutwa, pamoja na nakala ya amri ya kwanza yenye masharti. Kama ilikuwa Mahakama ya Mwanzo, na si ya Wilaya kama ulivyoandika, basi njia ni nyingine: rufaa huenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Angalieni kichwa cha karatasi.

Ninasisitiza amri ya kwanza kwa sababu maneno "kifungo cha nje" mtaani yanabeba mambo matatu ambayo sheria inayatofautisha, na tofauti hiyo inaweza kuimaliza rufaa yenu mapema, kwa ushindi au kwa kushindwa. Mahakama inaweza kumwachia mtu kwa masharti chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kwa muda usiozidi miezi 12, na sharti la amri hiyo ni kutotenda kosa lingine katika kipindi hicho. Inaweza pia kutoa amri ya probesheni chini ya Sura ya 247, ambapo mtu huwa chini ya afisa na masharti huweza kuwa mengi: kuripoti, makazi, tabia, dawa za kulevya. Na inaweza kutoa amri ya huduma kwa jamii chini ya sheria ya mwaka 2002, ambapo mtu hufanya kazi bila malipo kwa saa zilizopangwa, kwa mfano kufagia zahanati au shule. Ukikuta amri ya ndugu yako ilikuwa ya kuachiwa kwa masharti chini ya Kanuni ya Adhabu, basi kutoripoti kwa afisa hakukuwa kuvunja sharti lolote, na mtu anaitwa kuadhibiwa kwa kosa la awali pale tu anapokuwa ametiwa hatiani kwa kosa jipya. Kukamatwa mwaloni si kutiwa hatiani. Kwa maelezo yako nadhani ilikuwa probesheni, na nitaendelea hivyo, lakini msiamini kumbukumbu, wala yangu ya kukisia.

Niseme pia kwa nini nimeamini kwamba shtaka lilikuwa la kutumia na si la kusafirisha. Chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, kusafirisha bangi, hata ya kiasi ambacho si kikubwa, kunabeba kifungo cha miaka 30, na hakimu hana nafasi ya kumwacha mtu huyo arudi nyumbani akaripoti kila mwezi. Kama hati ya mashtaka ya ndugu yako itaonyesha neno "kusafirisha", niandikie kabla hamjawasilisha chochote zaidi ya notisi, kwa sababu Mahakama Kuu ikilipata jalada mkononi inaona pia makosa yaliyompendelea mshtakiwa, na ina mamlaka ya kuyarekebisha.

Sasa nije kwenye jibu lake la mahakamani, kwa kuwa rufaa yenu imesimama hapo. Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, itakayosimama kwa niaba ya Jamhuri, itasema: alikiri kuvunja masharti, hivyo hana la kulalamikia. Msikubali neno "alikiri" lipite bila kupimwa. Tangu Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilipoamua shauri la Adan dhidi ya Jamhuri mwaka 1973, utaratibu wa kupokea ungamo unajulikana kwa kila hakimu: mshtakiwa asomewe tuhuma na vipengele vyake vyote kwa lugha anayoielewa, maneno yake yaandikwe kadiri inavyowezekana kama alivyoyatamka, akikubali asomewe maelezo ya tukio, kisha apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza, na akisema jambo linalotia shaka kukubali kwake, iandikwe kwamba amekana na ushahidi uitwe. Miaka kumi baadaye, katika shauri la Mpinga, Mahakama Kuu iliorodhesha mazingira ambayo aliyekiri bado anaweza kukata rufaa dhidi ya hatia yenyewe, na mojawapo ni pale ungamo linapokuwa na utata au halikukamilika. Mashauri hayo yalihusu mashtaka ya kawaida na si uvunjaji wa probesheni, lakini hoja ya kuyaleta hapa ni nyepesi kuieleza: matokeo ni yale yale, mtu kupoteza uhuru wake, na sheria ya probesheni inataka kuvunjwa kwa sharti kuthibitike mbele ya mahakama.

Yatazameni maneno yenyewe. "Ni kweli sikuripoti" ni kukubali tendo. "Lakini nilikuwa Goziba" inaweza hata kumharibia, kwa kuwa inakiri kwamba alitoka nje ya mkoa, na mwanasheria wa Jamhuri ataishikilia. "Na afisa nilimpigia simu" ndiyo sehemu iliyotakiwa kumsimamisha hakimu. Je, afisa aliipokea simu? Alisema nini? Aliruhusu, alikataa, au alimwambia "ukirudi njoo"? Kama aliruhusu, hata kwa mdomo, basi sharti la ruhusa huenda halikuvunjwa kabisa. Jibu lilikuwa kwa mtu mmoja tu, naye ni afisa probesheni mwenyewe, ambaye kwa maelezo yako hakupanda kizimbani. Taarifa yake ilitajwa tu na mwendesha mashtaka. Taarifa ambayo haikupokelewa kama kielelezo, haikusomwa kwa sauti mbele ya mhusika na mwandishi wake hakuulizwa swali, ni msingi dhaifu wa kumpeleka mtu gerezani.

Hapa ndipo mwenendo unapokuwa muhimu kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote aliyekuwa ndani ya chumba cha mahakama. Jaji hatakuuliza wewe ulisikia nini. Atasoma hakimu aliandika nini. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na mwenendo ukiwa umeandikwa kwa Kiswahili huenda mkakuta maneno yake kama alivyoyasema. Lakini mkikuta pameandikwa tu "mshtakiwa amekubali", bila maneno yake mwenyewe, hiyo nayo ni sababu ya rufaa, tena iandikwe ya kwanza. Ningeiandika hivi: "Kwamba hakimu alikosea kisheria kwa kumchukulia mrufani kuwa amekiri kuvunja masharti ya amri ya probesheni, ilhali majibu yake yalikuwa na maelezo ya utetezi, na hakuna ushahidi wowote uliopokelewa kuthibitisha uvunjaji huo." Sababu tatu au nne za namna hiyo zinatosha. Kuna wanaojaza kumi na tano wakidhani wingi unatisha.

Kuhusu kete mbili, swali langu ni moja: zilipimwa? Kitu kinachodaiwa kuwa bangi huthibitishwa kwa taarifa ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa hapa Mwanza, na Jamhuri hutakiwa kuonyesha jinsi kielelezo kilivyotunzwa kutoka mikononi mwa askari hadi maabara na kurudi. Kama hakuna taarifa ya mkemia, hakuna hati ya ukamataji, wala hakufunguliwa shtaka jipya, basi kete hizo zilibaki maneno ya mwendesha mashtaka tu. Hata hivyo hakimu akizitaja katika uamuzi wake kuwa sababu mojawapo ya kufuta amri, mmepata sababu ya pili ya rufaa, nayo ni nzuri, kwa sababu inaonyesha kwamba uamuzi ulisimama juu ya jambo ambalo halikuthibitishwa.

Sababu ya tatu ni adhabu. Hata pale uvunjaji unapothibitika, sheria ya probesheni inaiachia mahakama hiari: inaweza kumtoza faini na kuiacha amri iendelee, au kumwadhibu kwa kosa la awali. Hakimu anayechagua gereza anatakiwa aonekane katika mwenendo kwamba alipima, kwamba alimsikiliza tena mhusika kabla ya adhabu, na kwamba alizingatia miezi aliyokuwa ameripoti vizuri. Umesema aliripoti miezi mitano mfululizo kabla ya Goziba. Hilo litajwe. Mtu aliyeripoti mara tano kisha akakosa mara mbili kwa sababu ya kazi si sawa na aliyetoroka siku ya kwanza.

Nafahamu mmeanza kukusanya barua, moja kutoka kwa mwenye mtumbwi na nyingine kutoka kwa viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi) ya mwaloni, kuthibitisha kwamba alikwenda kambi wakati wa giza, yaani siku zisizo na mbalamwezi, kama wavuvi wote wa dagaa na kurudi mwezi ulipokuwa mkubwa. Barua hizo msizitupe, lakini msizitegemee katika rufaa. Mahakama Kuu hupima kilichokuwa mbele ya hakimu. Ushahidi mpya hupokelewa kwa nadra, kwa ombi na kwa sababu zinazoandikwa. Mahali pake hasa ni kama jaji ataamuru suala la uvunjaji wa masharti lisikilizwe upya, ambayo kwa maoni yangu ndiyo nafuu mnayoweza kuipata kwa uhakika zaidi katika shauri la namna hii. Nafuu nyingine ni kurejeshwa kwa amri ya probesheni, kupunguzwa kwa adhabu, au kuachiwa kabisa ikiwa muda aliokaa gerezani utaonekana unatosha.

Dhamana wakati rufaa inasubiri ipo kisheria, baada ya rufaa kusajiliwa, na ombi linaweza kupelekwa Mahakama Kuu au mahakama iliyotoa adhabu. Nisikupe matumaini makubwa kupita kiasi. Aliyekwisha kuhukumiwa hana tena kinga ya kuhesabiwa kuwa hana hatia, hivyo hutakiwa kuonyesha kwamba rufaa yake ina nafasi kubwa ya kushinda au kwamba kuna mazingira ya pekee. Faida yenu ni ufupi wa kifungo: katika kifungo cha miezi 18, rufaa ikichelewa, ushindi unaweza kuja wakati mfungwa anakaribia kutoka, na hoja hiyo majaji huisikiliza. Udhaifu wenu ni kwamba tuhuma yenyewe ni ya kutoonekana, kwa hiyo wadhamini wawe watu wenye makazi yanayojulikana Ilemela au Nyamagana, si wavuvi wenzake wanaohama kisiwa hadi kisiwa. Rufaa ikishindwa, siku alizokuwa nje kwa dhamana hazihesabiwi kama sehemu ya kifungo.

Kuhusu gharama, kufungua rufaa ya jinai hakuna ada ya mahakama, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawahusu pia walio gerezani. Ulizia dawati la msaada wa kisheria Butimba na ofisi ya Chama cha Wanasheria Tanganyika hapa Mwanza. Kaa mbali na vishoka wanaozunguka nje ya geti la mahakama wakiahidi kwamba jalada "litashughulikiwa". Jalada likipotea, anayeumia ni mrufani, kwa sababu rufaa haiwezi kusikilizwa bila mwenendo. Jambo dogo la kiuandishi: Toleo la Marekebisho la Sheria la mwaka 2023 limebadilisha namba za vifungu vingi, kwa hiyo anayewaandalia hati asinakili namba kutoka rufaa ya zamani ya mtu mwingine.

Na swali lako la mwisho, kama anaweza kurudi kuvua. Chini ya amri ile ile, bila mabadiliko, hapana. Akienda tena Goziba bila ruhusa ya maandishi hakuna jaji atakayemhurumia mara ya pili. Lakini masharti ya probesheni yanaweza kubadilishwa na mahakama kwa ombi, na hilo lilipaswa kufanyika tangu mwezi wa kwanza. Amri ikirejeshwa, aombe mapema kwamba tarehe ya kuripoti iangukie siku za mbalamwezi, ambapo mitumbwi ya dagaa hupumzika na yeye yuko nyumbani, na kwamba ruhusa ya kwenda kisiwani iandikwe kwa kutaja jina la kambi, mwenye mtumbwi na tarehe ya kurudi. Barua zenu za BMU zitafaa sana katika ombi hilo.